Video Zisizo na Sauti

Pale hospitali, kwenye chumba cha kufulia, kuna mwanamke anayenyoosha shuka ambaye wote wanamwita Pasi. Msidhani ni kwa sababu ya kazi tu. Wenzake watakuambia kwamba ukimgusa pabaya huna haja ya kuuliza kama imeshika moto, utasikia mwenyewe harufu ya kuungua. Ila ukimwendea kwa uzuri, hakuna mtu atakayekunyooshea mambo yako kama yeye.

Hasira hizo hakuzaliwa nazo. Alizipata kazini, na kazi yenyewe aliianza kabla hajang'oka meno ya utoto. Mama yake ni kiziwi wa kuzaliwa. Hakupelekwa shule yoyote, kwa hiyo lugha yake aliitunga mwenyewe, jikoni na uani, kwa vidole, nyusi na mabega, na mwanawe wa pekee akainyonya pamoja na maziwa. Basi tangu anafika kiunoni mwa mama yake, Pasi ndiye aliyekuwa mdomo wa nyumba. Sokoni yeye, zahanati yeye, kwa mwenye nyumba yeye. Na huko kote watu walikuwa na tabia moja: walimzungumzia mama yake mbele ya macho yake kama mtu anavyozungumzia meza. "Mwambie mama yako hivi." "Hivi huyu anaelewa kweli?" Muuguzi mmoja aliwahi kuuliza, "Ana akili lakini?"

Mtoto akamjibu, "Anazo. Anauliza kama na wewe unazo."

Mama hakuwa ameuliza chochote. Ila siku hiyo ndipo pasi ilipochomekwa kwenye umeme, na mpaka leo sijasikia kwamba imechomolewa.

Alipoolewa alikwenda na mama yake, na hilo halikuwa na mjadala. Mumewe ni kinyozi, kiti chake na kioo viko chumba cha mbele, mlango unatazama barabara. Mtu mpole, mtu wa "ndiyo" na "hamna shida". Na mama mkwe wake aliishi naye kwa tabasamu. Asubuhi mkono juu, tabasamu. Jioni mkono juu, tabasamu. Jambo likizidi hapo Kinyozi alitikisa kichwa na kujisemea, "Ngoja Pasi aje." Miaka ikapita hivyo, tabasamu kwa tabasamu, na Kinyozi akiulizwa anasema yeye na mkwe wake hawajawahi kugombana. Watagombana vipi?

Halafu daktari akaanza kuonya habari za shinikizo la damu. Pasi akaogopa, na yeye akiogopa hukasirika, na akikasirika hufanya kazi. Akamkalisha mama yake kwenye kigoda karibu na dirisha la jikoni, akaegemeza simu kwenye sufuria, akaanza kumrekodi, neno moja moja. Video moja, neno moja. Mama anafanya "mvua", Pasi anaihifadhi kwa jina la mvua. Anafanya "kifua kinabana", inakwenda kwa jina hilo. "Naogopa." "Nigeuze upande." "Zima taa." Simu ilipojaa akazihamishia zote kwenye kompyuta ya nyumbani, ile ya mezani ambayo mumewe alinunua imeshatumika kwa ajili ya muziki wa wateja.

"Nikiwa zamu," alimwambia mumewe, "akikuambia kitu usichokijua, fungua humu utafute. Hata kama ni usumbufu."

"Ndiyo," akasema Kinyozi. Wala hakufungua hata siku moja.

Kiharusi kikaja. Mama alipona, ila mkono wa kulia ulibaki unaning'inia kama taulo kwenye msumari. Akabaki na wa kushoto, na maneno yake mengi yalitaka mikono miwili. Kumsikiliza sasa ikawa kama kusoma barua iliyochanwa katikati. Nusu nyingine ya barua ilikuwa ndani ya ile kompyuta, na haikuwa mahali pengine popote duniani. Ule mkono usingeweza kurekodiwa tena.

Sasa mtaelewa ni kwa nini Pasi, siku aliyorudi usiku kutoka zamu mbili mfululizo, Mama akiwa ameshalala, akakuta kioo cha kompyuta ni cheusi, na maneno machache meupe juu, alisimama pale na mkoba begani bila kuutua.

"Inasema nini?"

"Inasema haioni kitu cha kuwashia," Kinyozi akajibu. "Lakini usijali. Nimeshampigia Bingwa."

Bingwa ni kaka mkubwa wa Kinyozi, fundi wa redio, feni, na chochote chenye waya. Na ukoo wa Kinyozi una sheria yake: kitu kikiharibika hakivuki kizingiti mpaka mkono wa nyumba ukiguse kwanza. Kumpelekea fundi wa nje kitu ambacho Bingwa hajakiona ni sawa na kutangaza kwamba Bingwa amekufa. Kwa sheria hiyo walishapoteza feni, birika la umeme, na friji moja ambayo tangu aitengeneze wanaitumia kama kabati la nguo. Pasi aliivumilia sheria ile kwa sababu feni ni feni.

Bingwa akaja kesho yake alasiri, Pasi, aliyeondoka alfajiri, akiwa ndiyo kwanza ametoka kazini, koti la kazi bado mwilini. Akaingia huku akipandisha suruali, maana Bingwa hana kiuno, suruali yake huishi safarini. Hakukaa. Aliligonga kasha la kompyuta kwa kifundo cha kidole kama mtu anayechagua tikiti maji, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Imekufa."

"Imekufaje, shemeji? Hata hujaifungua."

"Shemeji, hivi vitu vina umri wake kama watu. Halafu tena..." Akashusha sauti, akainua kidevu kidogo kuelekea kwenye kiti cha Mama. "Mtu akifagia ovyoovyo, akavuta waya huku na huku, ndiyo matokeo yake."

"Nani aliyefagia ovyo?"

"Mimi sijataja mtu."

"Umetaja kwa kidevu."

Mama alikuwa anatazama. Alikuwa ametazama tangu mwanzo, kama wanavyotazama watu ambao macho yao yanafanya kazi mbili. Alikiona kidevu. Akajiinua kwenye kiti, akashika kiuno cha gauni lake kwa mkono wa kushoto, akalivuta juu, mara moja, mara mbili.

Kinyozi akaruka kama mtu aliyeitwa. "Haya Mama, twende, twende." Akamshika kiwiko kumwongoza nje.

Mama akampiga kofi mkononi.

"Unampeleka wapi?" Pasi akauliza.

"Chooni. Tangu juzi ananifanyia hivyo. Namshika, namfikisha mlangoni, haingii. Ananikunjia uso tunarudi. Akikaa kidogo, tena. Nimechoka, mke wangu, nakwambia ukweli. Nilikuwa nataka tumwone daktari."

Pasi akageuka polepole. "Tangu juzi?"

"Tangu juzi."

Ndugu zangu, katika lugha ya yule mama, kiuno kikivutwa juu mara mbili hilo ni jina. Ni jina la mtu mmoja tu, na mtu huyo wakati ule alikuwa amesimama katikati ya chumba, mkono mmoja umeshika suruali isianguke.

Pasi akapiga magoti mbele ya mama yake, akamuuliza kwa mikono. Mama akajibu kwa ule mmoja alionao, taratibu, asipoteze kitu. Jina. Kisha vidole vinafungua skrubu. Kisha mkono unaingia, unachomoa, kitu cha ukubwa wa kiganja. Kisha kitu kinakwenda mfukoni, na mfuko unapigwapigwa. Kisha, kwa faida ya wasioelewa, akanyoosha kidole, akamwelekezea Bingwa kifuani.

"Anasemaje?" Bingwa akauliza, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Anasema juzi, wakati huyu yuko mlangoni na mteja, wewe ulilifungua kasha hili, ukatoa kitu, ukatia mfukoni."

"Ah! Shemeji, na wewe! Mama wa watu mgonjwa, labda ameota..."

Pasi hakubishana naye. Alikwenda kwenye kasha, akalivuta bamba la ubavuni. Halikuwa hata limefungwa, lilimfuata mkononi. Ndani, pale penye nafasi ya diski, palikuwa na nafasi tu. Waya ulining'inia kama kitovu kisicho na mtoto.

Kwenye chumba cha mbele mteja aliyenyolewa upande mmoja alikohoa, akaona ni busara kutoita.

"Kaka," Kinyozi akasema, "ni kweli?"

Bingwa akaketi. Mtu akikamatwa na wake huketi kwanza. Akaanza kueleza, na maelezo yalikuwa mazuri, tatizo lake ni kwamba yalikuwa ya kweli. Mdogo wake alimwambia kompyuta imekuwa nzito. Naye akaona atoe diski akaisafishe kwake, airudishe kimyakimya, iwe zawadi. Kufika karakana akamkuta mteja wake, mwalimu wa shule ya udereva, anamlilia: diski yake imekufa na ana mitihani ya kuandaa. "Nikamwazima ya hapa kwa siku mbili tatu. Nilikuwa nairudisha kabla hamjajua."

"Na vilivyokuwa ndani?" Pasi aliuliza kwa upole. Kinyozi, aliyemjua, akasogea nyuma.

"Si nimesema niliisafisha? Nilifuta."

"Ulifuta."

"Lakini nilikagua kwanza, shemeji! Mimi si mtu wa kufuta vitu vya watu. Nilikuta video chungu nzima, huyu mama anapunga mikono. Nikafungua ya kwanza, hakuna sauti. Ya pili, hakuna. Nikaongeza spika mpaka mwisho, kimya kabisa. Nikasema basi, hizi zimeshaharibika, zinajaza nafasi bure."

Mtu mwingine angepiga kelele. Pasi alicheka, kicheko kifupi na kikavu.

"Hazina sauti," akasema. "Ulitaka usikie sauti ya nani, shemeji? Ulitaka kiziwi akuimbie?"

"Sikujua..."

"Hukujua nini? Hukujua kwamba mama yangu hasemi? Umekula humu ndani miaka mingapi? Hukujua ana jina lako? Ndiyo, anakuita kwa jina, kila siku! Na wewe ukija unamsalimia kama unavyosalimia kabati!" Akamgeukia mumewe. "Na wewe! Mtu anakupa ushahidi tangu juzi, wewe unampeleka chooni! Nilikupa kamusi nzima, neno kwa neno. Ungefungua hata siku moja ungejua anasema nini!"

"Nilikuwa nangoja uje," Kinyozi akasema kwa sauti ndogo, na afadhali angenyamaza.

Hapo Bingwa, kwa kutafuta njia ya kuokoka, akasema la maana. Alisema kitu kilichofutwa hakiondoki mara ile. Ni kama nyumba iliyong'olewa namba mlangoni: wapangaji bado wamo, mpaka wahamie wengine juu yao. "Tatizo ni kwamba mwalimu anaendelea kuitumia. Kila anachoandika kinatafuta chumba."

"Na unanieleza hapa umekaa? Inuka!"

Wakaenda watatu kwa mguu, Pasi mbele na koti lake lililonuka wanga na mvuke, Kinyozi ameacha mteja na nusu ya kichwa, Bingwa nyuma anaifukuza suruali. Ofisi ya shule ya udereva ilikuwa chumba kimoja kilichochorwa alama za barabarani kuta zote. Mwalimu alikuwa anachapa maswali ya mtihani kwa vidole viwili. Pasi hakubisha hodi. Alipita chini ya alama ya "simama", akafuata waya mpaka ukutani, akauchomoa.

"We mama! Nilikuwa sijahifadhi!"

"Afadhali. Samahani mwalimu, umekalia mkono wa mama yangu."

Mwalimu akamtazama Bingwa. Bingwa akatazama alama ya "njia nyembamba". Ilibidi aeleze, na alipofika pale pa kuazima mwalimu naye akapanda juu. "Kuazima? Wewe si uliniambia ni mpya? Si ulisema bado ina harufu ya kiwandani?" Kwa hiyo sasa walikuwa wawili wa kumkasirikia, jambo lililompumzisha Pasi kidogo.

Nje, diski ikiwa imefungwa ndani ya kitambaa cha kinyozi, Bingwa alisafisha koo. "Programu ya kurudisha ninayo pale karakana. Nipe nikaifanye mwenyewe, shemeji. Mambo ya nyumbani yaishe nyumbani."

"Mkono wa nyumba kwanza," Kinyozi akaongeza, kwa mazoea tu, maskini.

"Mkono wa nyumba?" Pasi akasimama katikati ya barabara. "Mkono wa nyumba ndio ulioiba! Leo inavuka kizingiti. Tena utaibeba wewe, shemeji, umpelekee fundi wa ng'ambo ya barabara, na umweleze mwenyewe ulichokifanya, kwa mdomo wako. Maana wewe sauti unayo."

Fundi wa ng'ambo alikuwa mshindani wa Bingwa kwa muda mrefu, walisalimiana kwa nyusi. Kwa haki nimsifu: hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Hazikuwa na sauti?", akarudia tena peke yake, "Hazikuwa na sauti," kisha akainama kwenye kazi. Aliiunganisha diski na mashine yake kwa namna ya kuisoma tu, isiandikwe kitu juu yake, akaweka diski nyingine tupu ya kupokelea. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye kioo. Wakakaa kwenye benchi, Pasi katikati, na hakuna aliyethubutu kuuliza kama wengine wana njaa.

Mstari ulipofika mwisho, fundi akafungua mojawapo. Mama akatokea, kigoda, dirisha la jikoni, mikono yote miwili hewani. Pasi akapumua kwa mara ya kwanza tangu mchana.

"Nyingi zimerudi," akasema fundi. "Chache zimevunjika, zinafika katikati zinaganda. Lakini kuna jambo. Majina hayakurudi. Programu inaokota miili tu. Tazama."

Kweli, pale palipokuwa "mvua" na "naogopa" na "kifua kinabana" palikuwa na namba, safu baada ya safu ya namba. Kamusi ilikuwa imerudi na karibu kurasa zake zote, lakini maneno yamefutwa na zimebaki picha. Pasi alizitazama namba zile, na hasira iliyokuwa imeanza kupoa ikarudi, ila safari hii ilirudi na mpango.

Bingwa alileta diski nyingine, nzuri, akaifunga mwenyewe kwenye kompyuta ya nyumbani, akaweka programu zote upya na kuzihamishia video humo. Ikawaka vizuri tena, na haraka kuliko zamani. Alisimama anangoja aambiwe asante.

"Kaa," Pasi akamwambia. Akamvuta na mumewe. Akamleta mama yake, akamketisha kati yao, mbele ya kioo. "Mtazitaja upya zote. Mnafungua, mnatazama, mnamuuliza yeye maana yake, mnaandika. Mpaka iishe. Kama si leo, kesho mnakaa tena."

"Na wewe?" Kinyozi akauliza.

"Mimi sitafsiri."

Wakafungua ya kwanza. Mama akajiona. Hakuwahi kuziona tangu augue. Aliutazama ule mkono wa kulia unavyoruka kwenye kioo, mwepesi, unasema kila kitu, halafu akauangalia uliolala pajani mwake. Akauinua kwa ule wa kushoto, akauweka juu ya meza, pale ambapo na wao wangeuona. Kisha akamgonga Bingwa begani: haya, anza.

"Hii ni... ndege?" Bingwa akabahatisha.

Mama akatikisa kichwa.

"Ndege gani, kaka? Anafungua kitu. Dirisha?" Kinyozi akasema, akaelekeza dirishani.

Mama akanyoosha kidole, karibu, karibu, akashika pazia.

"Pazia!" wakasema wote wawili, na Kinyozi akaliandika kwa fahari ya mtu aliyepasi mtihani.

Pasi akatoka, akaketi barazani. Aliwasikia wakikosea na kubishana. Waliita sabuni samaki. Waliita maumivu ya meno kicheko. Kazi iliendelea hivyo siku ile na zilizofuata, na hakuna aliyesema imemfurahisha.

Mpaka alasiri moja Kinyozi akaita kwa sauti ya mtu anayezama. "Pasi! Njoo! Mama amekasirika, hatujui anasema nini!"

Pasi akafika mlangoni. Mama alikuwa amesimama, mkono wa kushoto unakata hewa, macho yako kwa Bingwa. Pasi alielewa kila neno. Anasema: ulinisingizia. Ulisema ni mimi, nimefagia vibaya. Ulisema mbele yangu, ukadhani sioni. Mama akamtupia mwanawe lile jicho la miaka yote, lile la sokoni na la zahanati: waambie.

Mdomo wa Pasi ukafunguka wenyewe, kwa mazoea. Akaufunga.

"Muulizeni," akasema, akarudi barazani.

Akiwa pale akasikia kofi juu ya meza, Mama ameanza tena, polepole zaidi. Na sauti ya Bingwa, neno moja moja: "Mimi... nilisema... wewe... kufagia? Ufagio? Ile siku ya..." Kisha, "Lo. Samahani, Mama. Samahani sana."

Kofi lingine juu ya meza.

"Nimeshasema samahani! Anataka nini tena?"

"Umesema kwa mdomo, kaka," Kinyozi akasema. "Hasikii."

"Sasa kwa mkono inafanywaje?"

"Sijui. Itakuwa humu ndani. Fungua hiyo."

"Hiyo si sabuni?"

"Basi inayofuata."

Pasi alijua neno hilo lipo, maana alilirekodi mwenyewe. Akavua viatu vya kazi, akanyoosha miguu, akawaacha watafute.